Kila Jumatatu Anaondoka na Waya

Kuttusvaara, 12 Novemba 1984

Mjomba Oiva,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, na baridi pia ukitaka, maana hiyo tunayo ya kugawa. Mimi mzima. Mume wangu Tauno naye mzima, yuko msituni anakata magogo, anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Tumeshachinja kulungu wawili na nimetengeneza soseji za damu. Ningekutumia, ila najua huko Uswidi mnakula vitu vya ajabu na tumbo lako limeshazoea. Usiucheke mwandiko wangu, nilibanwa vidole viwili na mlango wa sauna nilipokwenda kuoga mvuke.

Sasa shida yangu. Gari la baba halitaki kuwaka. Ulilifungua wewe mwenyewe mara ngapi uani kwetu, kwa hiyo unalijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Mwezi wa tisa liliwaka vizuri. Juzi, nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri, nimezungusha ufunguo likasema nguuu, nguuu, halafu kimya. Waya wa kupashia injini, ule wa kuchomeka kwenye nguzo ya umeme, umepotea. Nataka kujua kama kuna namna ya kuliwasha bila huo waya. Watu wa zamani waliwashaje?

Jibu lako usilitume hapa nyumbani. Mtumie Martta, yule dereva wa gari la maktaba, kwa anwani ya maktaba mjini. Anapita huku kila Jumanne ya pili na atanipa ndani ya kitabu. Usiniulize kwa nini. Posta ya huku inachelewa, basi.

Mpwa wako,
Saimi


Borås, 21 Novemba 1984

Mpwa wangu Saimi,

Marahaba, mtoto wa dada yangu. Nimefurahi hadi nimeisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, na kofia kichwani. Huku mimi niko salama. Kiwandani wamenipa mashine mpya inayopiga kelele kuliko mama yako. Soseji za damu unitumie hata kama zitafika zimeoza.

Waya umepotea! Waya wa mita tatu unapoteaje, umeota miguu? Nyie vijana mtapoteza hata paa la nyumba.

Sikiliza. Gari halidanganyi, linasema lenyewe linaumwa wapi. Likisema tak, tak bila kuzunguka, betri imekwisha. Likisema nguuu kama ulivyoandika, betri imelala kwa baridi na oili imeganda, injini inazunguka kwenye tope. Likizunguka mbio lakini halishiki, hapo tafuta petroli au plagi. Lako ni ugonjwa wa pili, dawa yake ni joto tu. Masaa matatu kwenye waya, litawaka kama birika.

Za watu wa zamani achana nazo, utajiunguza bure. Nimekununulia waya mpya, mzuri, wa mpira mnene. Kwa kuwa maktaba haibebi vifurushi nimeutuma kwa posta moja kwa moja nyumbani kwako. Ulisema nisitume barua, hukusema chochote kuhusu waya. Msalimie Tauno, mwambie aache kutupatupa vitu.

Mjomba wako,
Oiva


Kuttusvaara, 11 Desemba 1984

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Theluji imefika madirishani. Salamu zimekwisha.

Kifurushi chako kilifika Jumamosi, na Jumamosi Tauno yuko nyumbani. Alikifungua kwa kisu mezani mbele yangu, polepole, kama anachuna. Akasoma kile kikaratasi chako: "Kwa mpwa wangu, gari liwake." Akaniuliza, "Liwake liende wapi?" Nikasema dukani. Akasema, "Dukani nakwenda mimi." Akaukunja waya mara mbili akanichapa nao. Mgongo kwanza, kisha nilipojikunja akanichapa miguu, kisha akaugeuza akatumia upande wenye plagi ya chuma. Bado nasikia mlio wake. Alipochoka akatoka na shoka akaifungua boneti akaikata ile soketi ya kupashia, akaivunjavunja hadi hakikubaki kitu cha kuchomeka hata kama ningekuwa na waya kumi.

Waya wa kwanza haukupotea, Mjomba. Kila Jumatatu anaondoka nao kwenye lori lake. Ijumaa anaurudisha anauning'iniza ukutani, nami nauona anapokula. Hafungi mlango wowote. Hana haja. Hapa hadi dukani ni kilomita kumi na nne, na baridi ndiyo kufuli yake. Vidole vyangu havikubanwa na mlango wa sauna peke yake. Kulikuwa na mtu aliyeusukuma.

Utauliza kwa nini nisipande gari la mtu. Nilipanda. Mwezi wa nne Martta alinipakia kwenye gari la maktaba, katikati ya vitabu vya watoto. Tauno alitufikia darajani. Alimvuta Martta nje kwa nywele akampiga teke la taya, likavunjika. Mwanamke wa miaka hamsini! Martta alisema aliteleza kwenye barafu, na polisi aliandika kuwa aliteleza kwenye barafu. Polisi huyo anawinda na Tauno kila vuli. Tangu siku hiyo hakuna anayenipakia. Martta ananipa vitabu na anachukua barua zangu, lakini macho yake yananiomba nisimwombe zaidi, nami simwombi.

Sasa umejua. Usiniandikie pole, niandikie gari. Jumanne moja, yeye akiwa msituni, naondoka.

Nilimuuliza mama kwa nini mkeo, shangazi Lempi, alikuacha, akafunga mdomo, jambo ambalo kwake ni muujiza. Kwa nini alikuacha?

Saimi


Borås, 17 Desemba 1984

Saimi mwanangu,

Marahaba. Mkono ulionunua waya ule ningeukata. Umesema nisiandike pole, sitaandika. Barua hii Martta hataweza kukupa kabla ya tarehe nane Januari kwa sababu ya Krismasi. Mimi mwenyewe kuja huko siwezi. Usiniulize.

Haya, za watu wa zamani. Tulifanya hivi kwenye kambi za magogo kabla umeme haujafika.

Jumatatu Tauno akishaondoka, fungua betri uingize ndani, iweke karibu na jiko lakini isiguse. Ilale na joto usiku mzima. Fungua na plagi zote nne za injini. Asubuhi ya Jumanne washa kuni nyingi upate makaa mekundu, yasiwe na mwali. Yatie kwenye karai, lisukume chini ya injini, chini ya sampu hasa, lile bakuli la oili. Funika boneti kwa blanketi hadi chini. Kaa hapo hapo na ndoo ya theluji, maana gari lililoshika moto linawaka kweli lakini haliendi popote. Baada ya saa moja oili italegea. Ondoa makaa, fungua nati, imwage kwenye sufuria, ipashe jikoni mpaka huwezi kuigusa kwa kidole. Irudishe ingali moto. Rudisha betri. Plagi zipashe kwenye oveni, uzifunge mwisho kabisa. Kwenye petroli tia kikombe cha spiriti, kuna maji humo yamekuwa barafu.

Handbreki usiivute kabisa, itagandia. Vuta choki yote, kanyaga klachi mpaka chini ili injini isiburute gia zilizoganda, washa. Pedali ya petroli usiiguse! Mguu uukalie ikibidi.

Sasa kuhusu yeye. Baada ya kipigo kikubwa atakuwa mwema. Atakuletea zawadi, na ataileta siku ya pili, siyo ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza bado anajionea huruma yeye mwenyewe. Atakubebea maji. Usimwamini, wakati huo ndio anaangalia zaidi kuliko wakati wowote. Atatazama nyayo zako kwenye theluji kuelekea kwenye gari, kwa hiyo kanyaga kwenye nyayo zake. Atanusa mikono yako. Kijiko kikihama atajua.

Kuhusu Lempi: nati ya sampu inafunguka kwa spana namba kumi na tisa. Ipo kwenye sanduku la baba yako, chini ya kiti cha nyuma.

Oiva


Kuttusvaara, 22 Januari 1985

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepata dawa mpya ya magoti. Huku nyuzi zimefika arobaini na tatu, ndege wanadondoka.

Nilijaribu tarehe kumi na tano. Nilifanya yote. Makaa, blanketi, sufuria. Injini ilizunguka, Mjomba! Siyo nguuu tena, ilizunguka mbio, nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari. Lakini haikushika. Nikaogopa, na mguu wangu ukakanyaga petroli, mara kumi, mara ishirini, kama mwendawazimu. Plagi zikalowa chapachapa. Betri ikafa. Nikarudisha kila kitu mahali pake nikikanyaga nyayo zake.

Ijumaa akaingia, akasimama mlangoni, akanusa. Tone moja la oili liliungulia kwenye bamba la jiko na sikuliona. Akaniuliza nimepika nini. Nikasema nyama. Akasema, "Hebu nionyeshe ulipopika," akaushika mkono wangu wa kulia akaulaza kwenye bamba. Jiko lilikuwa linawaka. Aliushikilia huku ananiangalia usoni, bila kupaza sauti, anauliza tu, "Hapa? Au hapa?" Ngozi ilibaki jikoni. Ndiyo maana naandika kwa kushoto.

Siku ya pili, Jumapili, akaniletea kitambaa cha kichwa chekundu. Jumapili, Mjomba! Siyo Jumamosi. Uliandika mpaka siku. Amebeba maji, amenichanjia kuni, ameninusa mikono.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila nikiisoma inanitisha zaidi. Baba hakuwa hivyo. Babu hakuwa hivyo. Wewe umejuaje?

Na jambo lingine, nalisema ili mtu mmoja alijue. Nimekinoa kisu cha kuchunia. Tauno hulala chali baada ya sauna, shingo wazi. Gari lisipowaka mara nyingine, sitajaribu gari tena.

Saimi


Borås, 29 Januari 1985

Saimi,

Marahaba.

Nimejua kwa sababu ni mimi.

Mwaka wa 1969 nilikuwa na gari kama la baba yako, na tuliishi kilomita kumi na moja kutoka barabara kuu. Mimi fundi, sikuhitaji kuchukua waya. Kila asubuhi nilifungua kifuniko cha distribyuta nikatoa rota, kipande kidogo kama kizibo cha chupa ambacho bila hicho gari haliwaki, nikaondoka nacho mfukoni. Kazini nilikuwa nakipapasa, kikinipa raha. Lempi alifikiri gari bovu. Aliniomba nilitengeneze, nami kila Jumapili nilivaa ovaroli nikajifanya nalitengeneza. Nilimpiga kwa miaka sita. Nilimletea zawadi siku ya pili, kila mara, nikajiona mtu mwema.

Mwezi wa pili alitoka kwa miguu. Kilomita kumi na moja, nyuzi thelathini na sita, na jicho moja nilikuwa nimelifumba kwa ngumi asubuhi hiyo. Wabeba mbao walimkuta amekaa kando ya barabara. Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mkono na vyote vya mguu wa kushoto. Hakimu alinipa miezi minane. Nilipotoka, kaka zake walinisubiri langoni wakanivunja mbavu na kuniambia wakiniona kaskazini tena watamaliza kazi. Nikapanda meli kuja huku. Mama yako alikubali nimwandikie mradi nisimtaje Lempi. Hiyo ndiyo hadithi, na haina upande mwingine.

Kisu kirudishe. Sikuambii kwa ajili yake. Nimekaa ndani, najua kunavyonuka, na wewe hujafanya lolote la kukupeleka huko.

Sasa gari. Plagi zikilowa usipampu, kanyaga petroli mpaka chini ushikilie hapo hapo bila kuachia, huku unawasha. Injini itajikausha. Betri itakupa mara tatu, haitakupa nne. Kati ya mara na mara hesabu mpaka sitini, hata ukisikia nini.

Ukitoka, niandikie. Kaka zake wafanye watakavyo, nitakuja kukuchukua. Nina chumba.

Oiva


Sodankylä, 3 Machi 1985

Mjomba Oiva,

Shikamoo. Mama hajambo, amekuja hapa kwa basi, amelia siku mbili na ya tatu akaanza kukosoa mapazia. Mkono wangu unapona. Uso pia, isipokuwa pua, ambayo ngozi yake imeganda na kubanduka, na daktari anasema itabaki hivyo. Mama ndiye anayeniandikia kwa kuwa kushoto kumechoka, lakini maneno ni yangu.

Gari liliwaka tarehe kumi na mbili Februari, Jumanne, saa sita mchana, nyuzi arobaini na moja.

Mara ya kwanza halikushika. Nilihesabu sitini. Mara ya pili liliwaka likazimika, nikaanza kuhesabu tena, na nilipofika ishirini nikasikia lori lake. Baridi ilikuwa imegomesha mashine zao msituni na walikuwa wamerudishwa wote nyumbani. Alishuka akaona sufuria kwenye theluji, karai, blanketi. Alichukua shoka kutoka kwenye lori. Mimi nilikuwa thelathini na tano.

Pigo la kwanza lilikuwa kwenye boneti. La pili kioo cha mbele, chote kikaniingia mapajani. Nilikuwa arobaini na saba. Aliingiza mkono akanishika nywele akaanza kunivuta nje kwenye lile tundu, na vipande vya kioo vikinikata kidevu, nami nikasema hamsini na nane kwa sauti, hamsini na tisa, na nikazungusha ufunguo.

Likawaka.

Niliingiza rivasi. Alikuwa bado amenishika nywele, akaburutwa, akaanguka, na gurudumu la mbele likampanda mguu. Nilisikia ulivyovunjika. Nilisimama mita kumi kutoka kwake nikamwangalia. Alikuwa anatambaa kwenda mlangoni na mguu umegeukia upande wa pili. Aliniita jina langu, la utotoni, ambalo hakuwahi kuniita. Nikajua kuwa nikiondoka tu, basi. Nisingehitaji kisu, baridi ingemaliza kabla sijafika dukani, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilikaa na mguu kwenye klachi nikaliwaza hilo kwa raha, Mjomba. Sitakudanganya.

Kisha nikashuka, injini ikinguruma, nikamshika kola. Unajua alifanya nini? Nikimburuta kumwingiza ndani aokoke, alinipiga ngumi ya tumbo. Nikaliokota shoka nikampiga mkono ule kwa mpini mpaka ukaacha kukunjika. Nikamburuta tena. Nilimwacha ukumbini chini ya ngozi tatu za kulungu, nikafunga mlango, nikaendesha kilomita kumi na nne bila kioo. Dukani nilipiga simu hospitali. Wamemkata mguu chini ya goti, lakini yuko hai. Polisi walinihoji mimi kwanza, masaa matano, kabla ya kwenda kumhoji yeye. Lakini Martta alikwenda kituoni peke yake na picha za taya lake, na sasa kesi ni yake yeye Tauno.

Kutoka dukani sikwenda kwa mama, Tauno angemtuma mtu anitafute huko kwanza. Nilikuja kwa shangazi Lempi. Nilibisha hodi na uso wote damu, naye hakuuliza mimi nani. Alisema, "Ingia, funga mlango, joto linatoka."

Nilimpa barua zako zote azisome. Alizisoma jikoni, kwa mpangilio wa tarehe. Ile ya rota aliisoma mara moja tu. Miaka kumi na sita, Mjomba, alikuwa hajui! Alidhani gari lilikuwa bovu. Alidhani kama angekuwa mwerevu zaidi wa magari, angeondoka mapema na vidole vyake vyote. Alisema hivyo, kisha akaenda kukata mkate, na kisu kikawa kinapiga ubao kwa muda mrefu baada ya mkate kwisha.

Umeniokoa. Nisingetoka bila wewe, nami nitalisema hilo mbele ya mtu yeyote. Na mwanamke anayenibadilishia bandeji kila asubuhi ananibadilishia kwa vidole saba. Yote mawili ni kweli, na sijui niyabebe vipi pamoja, kwa hiyo siyabebi. Nayaandika hapa yakae kwako.

Uliandika kwamba utakuja kunichukua. Nilimuuliza shangazi, maana nyumba ni yake. Alinimiminia chai kwanza. Alisema nikuandikie kwamba mafundisho yalikuwa mazuri, kila hatua sahihi, na kwamba ungeweza kumfundisha na yeye.

Usije.

Saimi